Vidole Vyangu, Jina Lake

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chumba cha chai, mahali ambapo hakuna mfanyakazi anayeweza kusema hakuliona. Kila mtu wa chuo, mhadhiri kwa mfagiaji, mpya kwa mkongwe, alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeleta, mkataba wake hautaendelea. Bi Lornah wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa ametia sahihi na muhuri, na kwa kuwa anatujua vizuri, akaongeza chini kwa kalamu nyekundu: HAKUNA VISINGIZIO.

Wenzangu walianza kulalamikia foleni za polisi. Mimi nilitazama vidole vyangu. Niliingiwa na hofu pale pale, kikombe kikiwa mkononi, hata chai ikanimwagikia kiatuni na ikabidi nisingizie kikombe kwamba kina ufa.

Naitwa Mabruka. Ni mtu wa Malindi, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja Nairobi. Naishi Kabiria na nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja kidogo huko Hurlingham. Kazi yangu ni kupanga vitabu, kuwakumbusha wanafunzi kwamba maktaba si mahali pa kulia chipsi, na kugombana na mashine ya kutoa nakala. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka huu nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kudumu. Sina subira na watu, wenzangu watakwambia. Lakini vitabu vyangu vinakaa mahali pake.

Siku ile nilitaka nifike nyumbani ninyamaze tu. Haikuwezekana, kwa sababu dada yangu Afnan alinipokea mlangoni na barua mkononi, anacheka peke yake. Afnan amenizidi miaka mitatu. Alifundisha sekondari kwetu kwa miaka mingi, akajisomesha shahada ya pili kwa taabu, na tangu mwaka jana alikuwa akiishi kwangu akitafuta kazi. Nafasi ya mwalimu wa takwimu ilipotokea chuoni kwetu, mimi ndiye niliyemletea habari, na siku ya mahojiano mimi ndiye niliyempigia buibui pasi. Barua ilisema amepata. Ilisema pia kwamba ataanza kazi akishaleta cheti cha tabia njema.

"Basi tutakwenda sote," alisema. "Tupigwe wino vidoleni siku moja, tukitoka huko tukale biriani mjini. Wasemaje?"

Nikamwambia wiki ile nina kazi nyingi. Nilijibu haraka mno, naye akanitazama kidogo, kisha akaisoma tena barua yake.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana nimelificha vya kutosha.

Miaka tisa iliyopita sikuwa na kitambulisho. Wako wanaodhani kitambulisho unajaza fomu kisha unangoja wiki chache. Sisi watu wa pwani tuliitwa mbele ya kamati, tukaulizwa babu alizaliwa wapi na baba yake babu alizaliwa wapi, tukaambiwa tulete karatasi za watu waliozaliwa kabla karatasi hazijafika Malindi. Halafu tukaambiwa tusubiri. Afnan alikipata chake. Mimi nilisubiri miaka minne. Na Nairobi mlinzi asipoona kitambulisho hupandi ngazi ya jengo lolote, hata kama unakwenda kununua vifungo ghorofa ya pili.

Ikatokea Afnan akapoteza chake, akaomba kingine, akapewa. Miezi michache baadaye mama akakiona kile cha kwanza ndani ya mkoba wa zamani. Hakumrudishia mwenyewe. Alinitumia mimi huku Nairobi, amekifunga ndani ya kanga. "Mnafanana," aliniambia kwa simu, "na picha yenyewe ni mtandio na macho tu. Kitumie mpaka chako kitoke. Mwenzio usimwambie, unamjua alivyo." Namjua. Afnan ni mtu ambaye akiokota kalamu darasani huuliza wanafunzi wote arobaini ni ya nani. Mama alishafariki, Mungu amrehemu, na siri ile akaniachia peke yangu.

Wakati ule nilikuwa nauza mitandio barabarani, katikati ya mji, nyuma ya maduka ya vitambaa. Asubuhi moja askari wa jiji walitufukuza. Mmoja akaushika mfuko wangu, nami sikuuachia. Yeye akavuta, mimi nikavuta, yeye akaanguka. Huo ndio ukawa ushahidi kwamba nimempiga. Kituoni, ofisa alifungua pochi yangu, akatoa kitambulisho, akasoma jina la dada yangu kwa sauti na kuanza kuandika.

Ningeweza kusema. Lakini ningesema, ningekuwa mtu wa pwani asiye na kitambulisho, tena amekutwa na cha mtu mwingine, na miaka ile mtu wa namna hiyo haulizwi tena habari za mitandio, anaulizwa za ugaidi. Nikanyamaza. Wakanichukua alama za vidole vyote kumi, nikatia sahihi kwa jina la Afnan.

Ndani nilimkuta mama mmoja muuza mayai, Kui, aliyekuwa amelala na viatu vyake chini ya kichwa. Alikuwa ameshakamatwa mara nyingi kuliko umri wangu. "Kesho hakimu akikusomea, wewe sema ni kweli," aliniambia. "Ukikataa unarudishwa ndani wiki mbili ukingoja kesi. Ukikubali ni faini tu, unaenda zako." Wachuuzi wote walifanya hivyo. Hakuna aliyejiuliza kama kosa amelitenda au hakulitenda. Kukubali ilikuwa njia ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo liliposomwa jina la Afnan nikasimama, wakasoma kuuza bila leseni, nikasema ni kweli, wakasoma kumpiga ofisa, nikasema ni kweli. Nililipa faini, na nilipofika nyumbani nilikikatakata kitambulisho kile kwa mkasi nikakitupa chooni. Changu kilipotoka baadaye, nikadhani yamekwisha.

Mara baada ya tangazo la Bi Lornah, nilianza ujinga ambao hata sasa unanitia haya. Jirani yetu mwashi aliwahi kusema kwamba mafundi wa mawe hurudishwa kule wanakochukua alama, kwa sababu saruji imewala vidole vikabaki vitupu. Nikaona hiyo ndiyo dawa. Kila asubuhi, kabla Afnan hajatoka chumbani, nilijifungia bafuni nikasugua ncha za vidole kwa waya wa sufuria, kisha kwa msasa, kisha ndimu juu yake. Niliuma taulo nisipige kelele. Nilikuwa mwanamke mzima wa miaka thelathini na tano, nimeinama juu ya karai, najichubua kama kiazi.

Afnan aliona. "Mikono yako ina nini?"

"Sabuni ya kule kazini. Kali."

Alishuka dukani akarudi na chupa ya mafuta ya nazi, na kila siku baada ya sala ya magharibi alinikalisha mkekani, akanipaka kidole kimoja kimoja, polepole, huku akinisimulia mada atakazoanza nazo kufundisha. Nilikuwa nikiviharibu asubuhi, naye anavitengeneza jioni. Ningependa kusema kwamba jioni mojawapo nilimwambia. Sikumwambia.

Aliponiona sina nia ya kwenda, alikwenda peke yake kupigwa wino. Baada ya siku tisa akaletewa ujumbe kwenye simu: afike mwenyewe ofisi ya alama za vidole na kitambulisho chake, kuna jambo la kufafanua.

Mimi nilizipata habari kwa Bi Lornah kabla Afnan hajanipigia. Aliingia maktaba, akafunga mlango, na Bi Lornah huwa hafungi mlango.

"Mabruka, kwani huyu sista yako alifanya nini?"

"Afnan? Hajafanya kitu."

"Good conduct yake imekwama. Amenipigia saa hii akilia. Mimi ndio nilimtetea kwa panel, unajua? Kuna mtu alikuwa anataka number two apewe." Akashusha sauti. "Ijumaa ndio mwisho wa mwezi, saa sita nafunga. Kama hajaleta, nampigia number two. Sina otherwise."

Nikamwambia nimeelewa.

"Na yako iko wapi?"

"Inakuja," nikasema.

Nilifika Kabiria saa kumi alasiri nikakuta mlango umefungwa kwa makomeo yote mawili. Nilibisha na kujitaja jina mara tatu ndipo akafungua. Alikuwa bado amevaa buibui la kutokea. Juu ya kiti palikuwa na mfuko mdogo wa nguo, na alikuwa ametia ndani kanga mbili, mswaki, msahafu mdogo na dawa zake za pumu.

"Huo mfuko wa nini?"

"Wakinizuia niwe na nguo ya kubadilisha."

"Nani akuzuie, Da Afnan?"

Akakaa ukingoni mwa kiti. Aliongea kwa sauti ya chini kabisa, ingawa tulikuwa peke yetu. "Nimewapigia simu. Wanasema lipo faili. Jina langu, namba yangu, nimehukumiwa. Mabruka, kuna mimi mwingine hapa Nairobi." Alizishika pindo za buibui lake akawa anazikunja na kuzikunjua. "Na mimi sijui huyo mimi mwingine amefanya nini. Kama ni wizi, ni wizi. Lakini kama ni yale mambo ya kina fulani? Wanaochukuliwa na gari wasirudi? Nani atanisikiliza?"

Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka ulifunguka, na maneno nilikuwa nayo: ni mimi, si magaidi, ni mitandio tu. Kisha nikaiona kazi yangu ya kudumu inakwenda, nikaiona pingu, nikaona ndani kule na Kui na viatu vyake, na nikasikia nikisema, "Ni makosa ya kompyuta tu. Kesho nitakusindikiza."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Akanishukuru. Akaenda kuleta chupa ya mafuta.

Alhamisi tulikuwa mjini kabla ya saa mbili. Ofisi yenyewe ni chumba kirefu chenye meza sita, na ukutani kuna beseni na kitambaa cheusi cha kufutia mikono. Askari alisimama mlangoni na bunduki yake, anapiga miayo. Mimi nilihesabu hatua kutoka mezani hadi kwake. Kumi na nne.

Tulipokelewa na bwana mmoja wa makamo aitwaye Muindi, mwenye miwani puani na lenzi nyingine ya mkono shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mbaya, ningepata wa kumkasirikia.

Alilifungua faili. "Madam, hapa uko na kesi mbili. Kuhawk bila leseni, na assault ya askari. Na ulikubali mwenyewe mbele ya hakimu."

"Mimi sijampiga mtu hata siku moja," Afnan alisema. "Ni mwalimu, hata wanafunzi siwapigi."

"Sawa. Tuangalie vidole basi. Vidole haina mdomo ya kudanganya."

Akampaka wino upya, akamviringishia kidole kimoja baada ya kingine kwenye karatasi. Akaweka karatasi hiyo kando ya ile ya miaka tisa, akainama na lenzi yake. Nilijua anachokitazama. Nilikaa karibu kiasi kwamba niliona hata sahihi chini ya ukurasa, jina la dada yangu katika mwandiko wangu, ule wa kulaza herufi upande wa kushoto. Nikaficha mikono chini ya mtandio.

"Aisee," alisema Muindi. "Hizi si zako."

Afnan alifunika uso kwa mikono yenye wino, akalia bila sauti. Alipoitoa mikono alikuwa na madoa meusi mashavuni. "Alhamdulillahi. Basi nipe cheti changu, baba. Kazini wanakitaka kesho saa sita."

"Si rahisi hivo. Jina ni yako, ID number ni yako, vidole ni za mtu mwingine. Sasa hii inaenda uchunguzi. Miezi tatu, nne, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mpaka mwenye vidole apatikane." Akavua miwani akaifuta kwenye shati. "Pole sana, madam. Hata mimi naona ni wewe umeonewa. Lakini siwezi safisha hii kama sijui huyu mwingine ni nani. Unashuku mtu?"

Afnan alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama anavyofanya kila jambo. "Kitambulisho changu cha kwanza kilipotea. Aliyekiokota Mungu ndiye anamjua."

Halafu dada yangu, ambaye alikuwa amepoteza kazi yake sasa hivi, mashavu yake yana wino, akanigeukia mimi. "Basi mfanyie huyu. Ni mdogo wangu, naye hajapigwa wino, na tarehe yake ni hiyo hiyo. Angalau mmoja wetu apate." Akanitoa mkono chini ya mtandio, akaulaza juu ya meza mbele ya Muindi.

Muindi aliugeuza kwenye mwanga. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Maktaba."

"Vitabu zinakula vidole hivi?" Akasogeza lenzi. "Lakini zimeanza kurudi. Si mbaya. Hii mafuta umekuwa ukipaka imezisaidia sana."

"Ni mimi nampaka," alisema Afnan.

Akachukua rola ya wino akaiviringisha kwenye kibati. Nilitazama mlango. Hatua kumi na nne. Na bado, nisidanganye, bado nilikuwa nafikiri: huenda havitasomeka, huenda ataniambia nirudi baada ya wiki mbili, huenda leo nitatoka humu. Afnan alikuwa ameushika mkono wangu kwa juu, ananituliza kama mtoto anayechanjwa.

"Da Afnan, niachie," nikasema. Hakuelewa. Ikabidi niutoe mkono wangu ndani ya wake. Nikamwambia Muindi, "Ukimaliza usiipeleke mbali hiyo karatasi. Ilinganishe na hilo faili hapo."

Alinitazama mara moja tu. Alipaka, akaviringisha vyote kumi, akainama na lenzi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyokaa kwa Afnan, na alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama yeye, kwa huruma. Kisha akamwita askari asogee karibu kidogo.

Afnan alikuwa ameshaelewa. Nililijua hilo kwa sababu alikuwa anaiangalia ile sahihi ya zamani, herufi zilizolala kushoto. Mwandiko huo anaujua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa makaa, kwenye sakafu ya uani kwetu, na alinigombeza miaka miwili mizima nizisimamishe herufi wima, nikashindwa.

"Uliwaambia mimi nimempiga mtu?" aliuliza.

"Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia mimi ni wewe."

"Jana nilipofunga mfuko. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alivuta kiti chake kikaachana na changu, upana wa kiganja tu, akamgeukia Muindi na kumuuliza sasa kinahitajika nini.

"Lazima uandike statement," Muindi alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Malalamiko rasmi. Kwamba huyu mtu alitumia jina lako, na jina lake kamili. Ukiandika, cheti yako naweza kuiprint hata leo. Yeye atabaki na sisi, ataelezea wakubwa, wao ndio wataamua. Usipoandika..." Akainua mabega. "Usipoandika, hii yote hatujaiona, na inarudi uchunguzi."

Akamsukumia fomu na kalamu. Afnan aliitazama ile fomu, akanitazama mimi. Machoni mwake niliona kwamba angeweza kuikunja na kuondoka. Angefanya hivyo. Angeipoteza kazi na asiniseme, na hilo liliniogopesha kuliko askari aliyekuwa nyuma yangu, kwa sababu ningekubali.

"Andika," nikamwambia.

Akaandika. Aliandika jina langu, la baba yetu na la babu yetu, yule ambaye kamati iliuliza alizaliwa wapi, herufi zote wima. Akaandika undugu wetu mahali palipoulizwa. Alipofika mwisho palikuwa na mstari wa mtuhumiwa kukiri, akaigeuza fomu ikanielekea, akanipa kalamu upande wa kushikia, kama tulivyofundishwa kumpa mtu kisu.

"Safari hii," akasema, "weka sahihi yako."